Nguo Nne za Wifi

Sendofu ya binti hapa Mwanza ina kanuni zake. Shangazi huleta vitenge, majirani huja na masufuria yaliyofungwa kwa karatasi ya kumeremeta, wajomba huchanga fedha, na kaka mkubwa hutegemewa aingie ukumbini na jokofu. Wifi yangu mdogo alipochumbiwa na kijana wa Bukoba, jokofu likaandikwa jina la mume wangu. Mimi nikasema nitatengeneza picha ya ukutani, ukubwa wa mlango: nguo halisi zibandikwe juu ya hadibodi, zishonwe, kisha zipakwe rangi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Magu kwa ajili ya kliniki ya Bugando, ikaamuliwa akae nasi Kirumba mpaka siku ya sherehe. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Mwanangu, kwa hiyo tunampa mtoto matambara?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasema kile ambacho nyumba nyingi zinakitenda. Kanga ya harusi ya bibi huanza ikiwa vazi, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa dekio, mwisho inashikia sufuria jikoni hadi iungue. Hakuna anayeuliza ilinunuliwa wapi, na nani, kwa fedha gani. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye kanga, na jambo hili limeniuma miaka yote. Kwa hiyo nilimjibu mama kwa heshima: "Tunampa nguo nne zilizovaliwa kando ya ziwa hili na kule nilikotoka mimi, mama, ili ajue anatoka wapi na anakwenda wapi."

Nguo ya kwanza ilikuja yenyewe. Wakwe wetu wa Bukoba waliposikia habari ya picha, walituma kwa meli kipande cha lubugo kilichokunjwa ndani ya gazeti. Lubugo ni gome la mti, mtuba, na haina uzi uliofumwa. Gome huchunwa kwa uangalifu mti usife, shina likafungwa majani ya mgomba ili lijifunike upya, kisha gome lile hupondwa kwa nyundo za mti zenye mistari, likitandazwa na kutandazwa hadi liwe jepesi na pana mara nyingi kuliko lilivyochunwa. Jua ndilo linaloipa rangi yake ya udongo mwekundu. Watu wa Buganda wamesifika zaidi kwa kazi hii, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza lubugo yao kuwa urithi wa binadamu wote. Lakini Wahaya nao waliivaa, waliitandika na waliizikia wafu wao. Nilipoikunjua sebuleni ilinukia moshi. Watoto waliipapasa wakashangaa: upande mmoja laini, upande mwingine una mishipa.

Ya pili ni merikani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi. Kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikileta Unguja kwa merikebu zao kubwa, na wapagazi wakakipandisha bara vichwani. Huku bara kilikuwa fedha kabisa. Chakula kilinunuliwa kwa mikono ya nguo, hongo ya kupita nchi ya mtemi ililipwa kwa doti, mshahara wa mpagazi ulihesabiwa hivyo hivyo. Speke alipofika ukingo wa ziwa hapa Mwanza Agosti 1858, safari yake na Burton ilikuwa imefika mbali hivyo kwa sababu ya marobota ya nguo na shanga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara ile, na viwanda vya Bombay vikaziba pengo. Merikani yangu niliinunua Makoroboi, kwa mwenye duka aliyedhani nataka bitana ya suti.

Ya tatu kaniki, ya nne kanga. Nitazifikia.

Kwanza nieleze gundi, maana ndiyo iliyotuletea msukosuko wa kwanza. Mafundi wengi hubandika nguo kwa gundi nyeupe ya seremala. Inashika vizuri, lakini ikikauka juu ya lubugo inaifanya ngumu na yenye kung'aa, na huwezi tena kuibandua bila kuichana. Mimi nataka nguo iliyowekwa ubaoni iweze siku moja kutolewa ikiwa nzima. Kwa hilo uji wa wanga wa muhogo haujapata mpinzani: ukiulowesha unaachia. Adui zake ni mende na panya, wanaoupenda kuliko sisi. Dawa ni kuchemsha majani ya mwarobaini, kuchuja maji yake, na kuupika uji kwa maji hayo badala ya maji matupu.

Asubuhi ile nilikuwa nimeuacha jikoni upoe nikaenda dukani. Mjomba wa mume wangu akafika kutoka Sengerema, mapema kuliko alivyotarajiwa. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, wageni wa ng'ambo ile hawangoji tena kivuko, wanakukuta hujafagia. Dada wa kazi, binti mwenye adabu sana, akaona mgeni sebuleni na uji mzito wenye joto jikoni. Akatia sukari, akamimina kwenye kikombe kikubwa cha wageni, akapiga goti, akakaribisha.

Niliporudi nikamkuta mzee ameshamaliza. Kikombe kimekauka. Machozi yanamlenga. Mama mkwe ameketi mbele yake, kanga mdomoni, mabega yanatikisika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mayu. Wabeja sana kwa uji." Akanyamaza, akavuta pumzi. "Huu ni wa malaria, au wa minyoo?"

Hakudhurika. Alisema usiku ule alilala vizuri kuliko kwao. Tangu siku hiyo mama mkwe alianza kuja barazani ninapofanyia kazi, akivuta kigoda, akitazama. Sufuria la gundi likawekewa kamba nyekundu kwenye mkono.

Nilipanga picha yote kwa sura ya kanga. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina. Pindo ningelifanya kwa lubugo ya Bukoba. Mji uwe merikani iliyopakwa ziwa. Juu ya maji niweke mawe yetu ya Mwanza, yale yaliyopandana bila saruji, yakiongozwa na Jiwe la Bismarck, yote kwa kaniki. Kanga yenyewe ya kukata sikuitaka. Maua ya korosho niliyafuatisha kwa karatasi kutoka kwenye kanga ya mama yangu, nikayakata yawe tundu, na kuyapaka kwa rangi kupitia humo.

Ziwa nililipaka jioni, rangi ya maji ya bluu iliyozimuliwa, nikauegemeza ubao barazani chini ya taa ukauke. Wanaoishi huku wanajua kilichofuata. Kuna usiku, hasa mwezi unapokuwa mchanga, wadudu wa ziwani wanapoibuka majini kwa mamilioni. Ukiwatazama mchana kwa mbali, wingu lao juu ya maji limesimama kama moshi wa tanuru. Upepo ukiwageuzia nchi kavu wanafuata taa. Tulikuwa tunakula. Mtoto alitoka kunawa mikono akarudi anasema, "Mama, ziwa lako limeota nywele."

Ubao mzima ulikuwa unatembea. Mume wangu akarukia taulo. Hapo mama mkwe alipaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Acha! Ukiwafuta wabichi watakuwa rangi! Zima taa, waache wakauke." Tukazima taa za nyumba nzima, tukamalizia ugali gizani. Kulipokucha alichukua ufagio mdogo wa kufagilia unga kwenye jiwe la kusagia, akapitisha polepole kutoka juu kwenda chini. Wakadondoka wakavu, rundo la kijivu miguuni pake, na kuku wa jirani wakaingia bila kuitwa. Nilipitisha msasa laini, nikapaka mkono wa pili. Ukiisogelea picha ile leo, kwenye kona ya juu kulia utaona bawa moja limebaki ndani ya bluu, na mishipa yake inahesabika.

Sasa kaniki.

Kaniki ni kitambaa cha pamba chenye buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Zamani ilitoka India kwa njia ile ile ya marobota. Pwani ilivaliwa na watumwa na watu wa chini, na kwa sababu hiyo wengi waliona aibu nayo. Bara ilipendwa kwa shamba, maana haionyeshi uchafu na haichakai upesi. Mama mkwe alikuwa nayo moja ya marehemu mama yake. Alisafiri nayo kila mahali kwenye mfuko wa nguo, akijifunika nayo alipolala wodini. Ilikuwa imelainika kama haikuwahi kuwa mpya. Pembeni ilikuwa na kiraka kidogo kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mifupi isiyolingana.

Alikubali kuniazima niitazame rangi yake kwenye mwanga wa mchana na kuupima ufumaji. Mume wangu akasema, "Kata kipande cha kiganja tu, nani ataona?" Nikakataa, na hapa nina msimamo usiotikisika. Nguo ya zamani ichorwe, isikatwe. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja mwaka 1954 aliyepelekwa Uingereza akiwa mchanga, binti wa mama mbunifu wa vitambaa, na mwenyewe mshindi wa Tuzo ya Turner mwaka 2017, amechora kanga kwa rangi juu ya karatasi bila kuigusa kanga ya mtu kwa mkasi. Sanaa Gateja wa Uganda, aliyeiwakilisha nchi yake Venice mwaka 2022 pamoja na Acaye Kerunen, anatumia lubugo na shanga za karatasi kujenga picha kubwa kuliko ukuta wa nyumba yangu. Lubugo inaendelea kupondwa, kwa hiyo anayeinunua mpya anamlisha fundi. Kitambaa ambacho bado kinatengenezwa, kata upendavyo. Kile ambacho mikono iliyokishona imeshazikwa, kiache kizima, ukifuatishe.

Mume wangu alielewa. Shemeji yangu hakuwepo kwenye mazungumzo yale.

Shemeji ni bodaboda. Nilikuwa nimeifua kaniki kwa maji matupu na kuianika kivulini. Alipitia nyumbani mchana kula, akaona kamba ina kitambaa cheusi kilichochakaa, akakivuta, akaifutia cheni ya pikipiki. Mama mkwe ndiye aliyemkuta. Hakusema neno. Alipokea nguo, akaikunja grisi ikiwa ndani, akaingia chumbani akafunga mlango.

Kikao cha familia kilikaa jioni. Shemeji aliketi chini kwenye mkeka ingawa viti vilikuwapo. Alitaka kuisafisha kwa petroli, tukamzuia, kwa kuwa petroli ingeweza kuondoka na grisi pamoja na rangi. Mama alipotoka, hakumgombeza. Alianza kuhadithia pamba.

Alisema mama yake alilima pamba kule Magu kwa jembe la mkono, akiwa amejifunga kaniki kiunoni na mtoto mgongoni, na mtoto yule ni yeye. Mbegu zilitolewa na serikali, zilizochaguliwa kwenye kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Pamba ilipofunguka walichuma familia nzima, wakaichambua nyeupe mbali na yenye madoa, wakaibeba hadi kituo cha ushirika. Mizani ilikuwa ya ushirika wao wenyewe. Hilo alilisema kwa nguvu, na ni kweli: wakulima wa kanda hii, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, walikuwa wamejiunga mwaka 1955 kwenye shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria ili wasipunjwe na wanunuzi. Malipo ya msimu ndiyo yaliyonunua nguo ya mwaka mzima. Baba alinunua shati. Mama akanunua kaniki hii, na fedha iliyokuwa ikibaki akamlipia binti yake ada alipokua.

"Ile ada," alisema, akimtazama mwanawe wa mwisho, "ndiyo iliyonifanya nikajua kusoma. Ndiyo sababu na wewe ulisoma."

Shemeji alilia waziwazi, mtu mzima mwenye ndevu.

Usiku ule tuliifunika grisi kwa unga wa muhogo mkavu, tukauacha unyonye, tukaupangusa, tukaweka mwingine. Kesho yake tukaifua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche kidogo, bila kusugua. Doa lilififia. Halikuisha. Shemeji alichukua hesabu yake ya siku, akaenda Makoroboi, akarudi na kaniki mpya. Ilichuja rangi vibaya sana. Beseni baada ya beseni maji yalitoka meusi, na yeye ndiye aliyeifua, nyuma ya nyumba, mikono ya bluu hadi viwiko, mpaka maji yakatoka safi na kitambaa cheupe kilicholowa kikagandamizwa juu yake bila kuambukizwa rangi. Bila hatua ile, mawe yangu yote yangemwaga wino ziwani mara tu uji wa gundi ungeyagusa. Kutoka kaniki hiyo nilikata mawe. Kwenye jiwe kubwa nilishona kiraka kwa uzi mwekundu, nikifuata ule wa zamani mshono kwa mshono, na ile mifupi isiyolingana nikaiacha isilingane.

Likabaki jina. Hapo ndipo shangazi wa wifi alipofika kutoka Kisesa na maoni yake. Alitaka wakwe wajue wazi: TUMEKUAZIMENI HATUJAWAPA. Akasema kanga isiyochoma si kanga. Kama mtu wa Tanga sikuweza kumpinga kwa sheria, maana kweli nusu ya kanga za pwani zimenunuliwa kwa ajili ya jirani. Mume wangu akapendekeza maneno ya kumtakia heri, ya kadi ya dukani. Yakatupwa na wanawake wote kwa pamoja. Mabishano yalipanda hadi dada wa kazi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mama mkwe alisubiri kimya kipatikane. "Andika: UENDAKO KUNA MAMA PIA."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Nikaandika kwa herufi kubwa nyeusi, rangi ya alizeti ikizizunguka, kama wachapaji wanavyopanga.

Siku ya sherehe picha ilifika ukumbini nyuma ya pikapu, imefungwa blanketi, shemeji amekaa nayo ameikumbatia. Jokofu la mume wangu lilishangiliwa sana na nililishangilia pia. Picha ilipofunuliwa, mama mmoja mzee wa upande wa Bukoba aliacha kiti chake, akaja kuligusa pindo kwa kiganja, akasema kwa sauti hiyo ni yao. Kisha mama mkwe akasimama. Kwenye mfuko wake wa plastiki akatoa kaniki ile ya zamani, nzima, imepigwa pasi, ina kiraka cha mama yake na kivuli cha grisi ya mwanawe, akamfunga nayo bintiye kiunoni juu ya gauni la sherehe. Hakutoa hotuba.

Zote mbili ziko Bukoba sasa. Nyuma ya ubao nimegundisha karatasi inayotaja kila nguo: ilitengenezwa kwa kitu gani, ilitoka wapi, nani aliivaa au kuinunua, na kwamba gundi yake inaachia kwa maji.

Nawaomba wenye masanduku ya bati nyumbani: leo, kabla ya kesho, mketisheni mama au bibi, mfungue pamoja. Kila nguo ya zamani ipigwe picha mchana, rula ikiwa pembeni. Andikeni ni ya nani, ilinunuliwa wapi, na fedha ilitoka wapi, karatasi hiyo ikunjwe pamoja na nguo. Msiifue kwa jiki. Na bodaboda wa nyumba mumnunulie kitambaa chake cha kufutia cheni.